Hewa Itokayo Chini ya Jamvi: Kuzielewa Namba za Radoni Majumbani

Anayejenga nyumba Dodoma huwa na mengi ya kuuliza kabla ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu: kama udongo wa kiwanja ni ule mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, kama kuna mchwa, kama maji yatapata pa kupita. Ni nadra kumsikia fundi au mwenye nyumba akiuliza kuhusu radoni, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, ambayo hutoka ardhini na kuingia ndani kupitia sakafu. Hata hivyo, katika nchi nyingi gesi hiyo ndiyo sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya sigara, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeihesabu miongoni mwa visababishi vilivyothibitishwa vya saratani tangu mwaka 1988.

Anayeanza kusoma habari zake hukutana haraka na namba zinazochanganya. Katika takwimu zilizokusanywa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2009, wastani wa radoni ndani ya nyumba za Ufini ni bekereli 120 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, Ucheki 140, Uswidi 108, Marekani 46, Uingereza 20, Japani 16, Australia 11, na wastani wa dunia nzima ni 39. Msomaji wa Kiswahili huweza kuhitimisha kwamba radoni ni tatizo la watu wa baridi, au kwamba kila nchi ina kiwango chake kama ilivyo na bendera yake. Hitimisho hilo si sahihi. Kiwango cha radoni ni tabia ya chumba, na kiwango hicho huamuliwa na mambo matatu yanayofanya kazi pamoja: kilichomo katika mita chache za ardhi iliyo chini yake, njia zilizopo kati ya ardhi hiyo na sakafu, na kasi ambayo hewa ya ndani hupishana na hewa ya nje. Wastani wa nchi huyachanganya mambo hayo matatu kwa mamilioni ya nyumba, kisha hutupa namba moja.

Tuanze na kipimo chenyewe. Bekereli moja maana yake ni atomu moja inayovunjika kwa sekunde. Chumba cha kulala chenye upana wa mita 3, urefu wa mita 4 na kimo cha mita 2.7 kina hewa ya mita za ujazo zipatazo 32. Kikiwa na radoni ya bekereli 100 kwa kila mita ya ujazo, basi ndani yake atomu zaidi ya 3,200 za radoni huvunjika kila sekunde, usiku kucha, huku waliolala humo wakivuta hewa hiyohiyo.

Chanzo cha atomu hizo ni urani, ambayo, kinyume na wengi wanavyodhani, haipatikani katika machimbo pekee. Imo kwa kiasi kidogo katika karibu kila mwamba na kila udongo duniani. Urani hugeuka polepole sana kwa hatua nyingi, na mojawapo ya hatua hizo ni radiamu, ambayo nayo ikivunjika huzaa radoni. Hatua zote zilizotangulia ni za vitu vigumu vilivyoshikamana na chembe za mwamba, lakini radoni ni gesi, tena gesi isiyoungana na kitu chochote, kwa hiyo atomu ikifanikiwa kutoka katika chembe ya udongo na kuingia kwenye nafasi iliyo kati ya chembe na chembe, iko huru kusafiri. Safari yake ni fupi, kwa sababu kila baada ya siku 3.8 nusu ya radoni iliyopo huwa imekwisha kugeuka kitu kingine. Ndiyo maana radoni inayoingia nyumbani hutoka hasa katika mita chache za juu za ardhi iliyo chini ya nyumba yenyewe.

Jambo hili linajibu hofu ambayo husikika kila habari za urani ya Bahi na Manyoni zinapoibuka. Mashapo ya urani yaliyo katika mbuga za Bahi, magharibi ya jiji, hayawezi kupeleka radoni yake ardhini hadi nyumba iliyo mtaa wa Kisasa au Nzuguni, jijini Dodoma; gesi hiyo ingekuwa imekwisha kitambo kabla ya kufika. Swali la maana kwa mkazi wa Nzuguni ni nini kilicho chini ya jamvi lake mwenyewe, na kwa mkazi wa Bahi ni vivyo hivyo.

Namba nyingine inayopaswa kueleweka mapema ni ile ya hewa iliyomo ndani ya udongo. Hata katika udongo wa kawaida kabisa, hewa iliyo mita moja chini huwa na radoni ya maelfu ya bekereli kwa kila mita ya ujazo, na mara nyingi makumi ya maelfu. Hewa ya nje, kwa upande wake, huwa na bekereli zipatazo 10 tu, kwa kuwa gesi ikishatoka juu hutawanywa na upepo. Nyumba iko kati ya hali hizo mbili. Ikiwa hewa ya udongo ina bekereli 20,000 na asilimia 1 tu ya hewa ya chumbani imetoka humo, chumba kimefikia 200. Kwa hiyo udongo hauhitaji kuwa na urani ya kuchimbwa ili nyumba ipate radoni nyingi. Inatosha kuwe na mlango wa kuingilia na pasiwe na mlango mzuri wa kutokea.

Madhara yake hayatokani sana na radoni yenyewe, ambayo huvutwa na kutolewa kama hewa nyingine. Yanatokana na watoto wake. Radoni ikivunjika huzaa chembe za poloniamu, risasi na bismuthi ambazo ni vitu vigumu, hung'ang'ania vumbi la hewani na kutua juu ya utando wa njia za hewa za mapafu. Baadhi yao huvunjika ndani ya dakika chache, hapohapo zilipotua, na kurusha chembe za mionzi ziitwazo alfa. Chembe ya alfa haiwezi kupenya hata ngozi ya mkono, lakini ndani ya pafu hakuna ngozi ya kuizuia, na nguvu yake yote huishia katika seli chache zilizo karibu.

Ushahidi wa kwanza ulitoka kwa wachimbaji. Mwaka 1879 madaktari wawili walieleza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwaua wachimbaji wa Schneeberg, Ujerumani, ulikuwa uvimbe wa saratani kwenye mapafu, na wachimbaji wa Jáchymov, upande wa pili wa milima ileile, walikuwa na historia hiyohiyo. Swali la nyumba za kawaida lilichukua muda mrefu zaidi kujibiwa. Utafiti mkubwa uliounganisha tafiti 13 za nchi 9 za Ulaya, wenye wagonjwa 7,148 wa saratani ya mapafu, ulichapishwa mwaka 2005 na kuonyesha kwamba hatari huongezeka kwa takriban asilimia 16 kwa kila bekereli 100 zinazoongezeka katika wastani wa muda mrefu.

Asilimia hiyo 16 hutisha au hupuuzwa kutegemea anayeinukuu, na nadhani sababu ni kwamba watu wachache hueleza ni asilimia 16 ya nini. Utafiti uleule ulikadiria kwamba mtu asiyewahi kuvuta sigara, akiishi katika nyumba isiyo na radoni, ana uwezekano wa asilimia 0.4 wa kufa kwa saratani ya mapafu kabla ya kufikisha miaka 75; kwenye bekereli 100 uwezekano huo ni asilimia 0.5, na kwenye 400 ni asilimia 0.7. Kwa mvutaji wa kudumu namba hizo ni asilimia 10, 12 na 16. Radoni na sigara hazijumlishwi tu, bali kila moja huzidisha kazi ya mwenzake. Kwa mvutaji, kuacha sigara ni hatua kubwa kuliko ukarabati wowote wa sakafu, na kwa mtoto anayelala katika nyumba ya mvutaji uamuzi huo unamhusu pia.

Sasa turudi kwenye namba za nchi, tukianza na nchi mbili za baridi. Ufini ina bekereli 120, na Aisilandi, ambako watu pia huishi ndani ya nyumba zilizofungwa kwa sehemu kubwa ya mwaka, ina 10 tu. Baridi peke yake, basi, haielezi chochote. Aisilandi imesimama juu ya miamba ya basalti ya volkano yenye urani kidogo sana. Ufini imesimama juu ya miamba ya kale ya graniti, na katika sehemu kama Tampere zipo nyumba zilizojengwa juu ya matuta marefu ya mchanga na kokoto yaliyoachwa na barafu, ambamo gesi hupita kwa urahisi kama hewa katika chekecheke. Baridi huja kuongeza kazi iliyokwisha kuanzishwa na ardhi: ndani kukiwa na nyuzijoto 21 na nje kukiwa chini ya sifuri kwa nyuzi 20, hewa ya ndani iliyo nyepesi hupanda na kutokea juu, na nafasi yake huzibwa na hewa inayonyonywa kutoka chini ya sakafu.

Uswidi ina sababu yake ya ziada, kwani kuanzia mwaka 1929 hadi 1975 nyumba nyingi zilijengwa kwa zege jepesi lililotengenezwa kwa mwamba wenye urani, kiasi kwamba kuta zenyewe hutoa radoni. Hiyo ni hali ya pekee. Kwa kawaida mchango wa matofali, mawe na kokoto ni mdogo ukilinganishwa na wa ardhi, na hofu inayozunguka kuhusu meza za jikoni za graniti ni kubwa kuliko inavyostahili.

Uingereza ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi wastani unavyoficha mambo. Bekereli 20 ni namba ndogo ya kumtuliza mtu, lakini huko Cornwall na Devon, kusini-magharibi, ambako graniti iko karibu na uso wa ardhi, zimepimwa nyumba zilizozidi 1,000. Marekani nayo ilishtuka mwezi Desemba 1984, pale mfanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, alipokuwa akiwasha kengele za mionzi kila alipopita kwenye kipimo, ilhali kituo kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme. Mionzi ilikuwa imetoka nyumbani kwake, ambako radoni ilifikia takriban bekereli 100,000. Tangu hapo imethibitika mara nyingi kwamba nyumba mbili zilizopakana zinaweza kutofautiana mara kadhaa, kwa sababu ya ufa mmoja au tabaka moja la changarawe.

Anayefikiri kwamba joto linatosha kutulinda aangalie Meksiko, nchi ya joto iliyo na 140 katika orodha ileile. Vilevile akumbuke kwamba wastani wa nchi hutegemea ni nyumba zipi zilizochaguliwa kupimwa, kwa msimu gani na kwa kifaa gani. Kupanga nchi kwa namba hizo kama msimamo wa ligi ni kuzitumia kwa kazi ambayo hazikutengenezewa.

Viwango vya kuchukulia hatua navyo hutofautiana, na tofauti hiyo haina maana kwamba mapafu ya Mkanada yanavumilia zaidi ya ya Mmarekani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza bekereli 100, na pale ambapo nchi haiwezi kufikia hapo, isizidi 300. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2013, umeweka 300 kuwa kikomo cha viwango vya nchi wanachama. Uingereza na Kanada hutumia 200. Marekani hutumia 148, namba inayoonekana ya ajabu hadi ikumbukwe kwamba wao hutumia kipimo kingine, pikokyuri, na pikokyuri 4 kwa lita ni sawa na bekereli 148 kwa mita ya ujazo. Hakuna kati ya namba hizi iliyo mpaka kati ya usalama na hatari, kwa sababu hatari hupanda polepole kuanzia chini kabisa. Kila moja ni makubaliano kati ya afya na gharama za kurekebisha nyumba nyingi kwa pamoja.

Kwa upande wa Dodoma, ardhi yake ni sehemu ya kiini cha kale cha bara, chenye miamba ya graniti na jamaa zake yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Vilima vya mawe vinavyoonekana kila upande wa jiji, na mawe makubwa ya Singida, ni vichwa vya miamba hiyo. Urani ya Bahi na Manyoni yenyewe ni ushahidi wa jambo hilo, kwa kuwa iliyeyushwa na maji kutoka katika miamba ya graniti, ikasafirishwa na kutuama katika mbuga zisizo na njia ya kutokea. Kwa kigezo cha ardhi, basi, Kanda ya Kati iko karibu zaidi na Ufini na Cornwall kuliko na Aisilandi. Udongo wa juu huleta tofauti kubwa kati ya kiwanja na kiwanja: mchanga mwekundu na changarawe chini ya kilima hupitisha gesi kwa urahisi, ilhali mfinyanzi uliolowa huifungia. Mfinyanzi huohuo ukikauka na kupasuka mwezi wa Septemba, nyufa zake huwa njia.

Kigezo cha pili na cha tatu ndivyo vilivyotukinga zaidi. Usiku wa Julai Dodoma, kuta zilizopata jua mchana hushikilia joto wakati nje kumepoa, kwa hiyo kunyonywa kwa hewa ya chini kupo, lakini tofauti ya nyuzi chache si ile ya Ufini. Nyumba nyingi za zamani za matofali zina matundu ya hewa juu ya madirisha, milango yenye nafasi chini, na dari zinazopumua. Hewa ikipishana mara mbili zaidi, radoni hushuka kwa karibu nusu.

Hata hivyo nyumba zinazojengwa sasa Iyumbu, Ihumwa na kwingineko zinaacha kinga hiyo moja baada ya nyingine, na hili ndilo linalonifanya niliandike jambo hili kwa msisitizo. Matundu ya hewa yanazibwa kwa sababu ya vumbi na mbu. Dirisha la alumini la kusukuma hufunguka nusu tu hata likiachwa wazi lote. Dari ya jipsamu imezibwa kila pembe. Kiyoyozi kinawashwa na watu wanadhani kinaleta hewa mpya, wakati kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huizungusha hewa ileile ya chumbani. Feni ya kutolea hewa bafuni, katika nyumba iliyofungwa, inaweza hata kuongeza radoni, kwa kuwa huvuta hewa kutoka popote inapopatikana, pamoja na chini ya sakafu.

Wala si sahihi kusema kwamba nyumba ya asili ni salama kwa kuwa ni ya asili. Tembe la Kigogo lina sakafu ya udongo isiyo na kizuizi na madirisha madogo. Zaidi ya hayo, kuta za udongo mtupu hutoa ndugu ya radoni aitwaye thoroni, anayetokana na thoriamu. Yeye huisha nusu kwa sekunde 56, kwa hiyo hupatikana hasa karibu na ukuta, na kitanda kilichosogezwa ukutani ndipo kilipo. Lipu iliyopigwa vizuri humpunguza sana.

Maji nayo hutajwa, hasa mahali ambapo jiji hutegemea visima virefu vya Makutupora na watu wengi wana visima vyao. Radoni huyeyuka katika maji ya chini ya ardhi na hutoka yanapomwagika bafuni au jikoni. Kwa makadirio yanayotumika, bekereli 10,000 katika kila mita ya ujazo ya maji huongeza bekereli 1 katika kila mita ya ujazo ya hewa ya nyumba, hivyo ni maji yenye radoni nyingi mno tu yanayobadilisha hali. Maji yaliyokaa siku kadhaa kwenye tanki lenye hewa huwa yamepoteza sehemu kubwa.

Kiwango cha nyumba fulani hujulikana kwa kupimwa tu. Kifaa kinachotumika zaidi hakihitaji umeme: ni kikopo kidogo cha plastiki chenye kipande cha plastiki maalumu ndani, kinachowekwa kwenye rafu ya chumba cha kulala kwa miezi mitatu au zaidi, mbali na dirisha. Kila chembe ya alfa inayogonga kipande hicho huacha jeraha lisiloonekana. Maabara hukiloweka katika magadi makali, majeraha yanapanuka kuwa vitundu, na vitundu vinahesabiwa kwa hadubini. Kwa nyumba za udongo huchaguliwa kifaa kinachotenganisha radoni na thoroni. Kipimo cha siku mbili au tatu hutoa dokezo tu, kwa kuwa kiwango hubadilika kati ya usiku na mchana, na kati ya kiangazi na mvua. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki yenye jukumu la masuala ya mionzi, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ina makao yake hapahapa Dodoma. Ramani za miamba za taasisi hiyo na vipimo vya nyumba, vikiwekwa pamoja, vingeonyesha mitaa ya kuanzia.

Kinga wakati wa kujenga ni rahisi. Chini ya jamvi huwekwa tabaka la kokoto safi la sentimita 10, juu yake karatasi nene ya nailoni iliyopishana kwenye maungio na kupanda hadi ukutani, kisha zege. Mafundi wengi huweka nailoni hiyo kwa ajili ya unyevu, lakini hutobolewa na kokoto na buti wakati wa kumwaga, na hukatwa ovyo pale mabomba ya choo yanapopita. Hapo, kwenye pete ya nafasi kati ya bomba na zege, ndipo gesi hupita, na ndipo mchwa nao hupita. Bomba la plastiki la inchi nne likianzia ndani ya kokoto na kupanda hadi juu ya bati, gesi hupata njia ya kutokea bila kuingia ndani, na kipimo kikionyesha haja, feni ndogo hufungwa juu yake baadaye.

Nyumba iliyokwisha jengwa hupewa kwanza dawa nyepesi: kuziba nyufa za sakafu na pembezoni mwa mabomba, na kufungua upya matundu ya hewa kwa kuwekea wavu wa mbu badala ya saruji. Ikiwa kiwango ni kikubwa, shimo hutobolewa kwenye jamvi na bomba lenye feni hunyonya hewa ya chini na kuitupa juu ya paa. Njia hiyo hushusha radoni kwa zaidi ya nusu, na katika nyumba nyingi kwa asilimia 90 au zaidi. Baada ya hapo kikopo hurudishwa kwenye rafu ileile, na ikiwezekana katika msimu uleule, ili namba mpya na ya zamani ziweze kulinganishwa.